Tulimnyima kijana haki yake kwa kosa la kioo

MIMI ndiye niliyekuwa mwekahazina wa kamati ya harusi ya mpwa wangu Desemba iliyopita, na mimi ndiye niliyekataa kumlipa mpigapicha salio lake. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba ninamsengenya mtu mwingine.

Kijana mwenyewe ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi. Tulipatana Sh30,000, nusu kabla ya kazi na nusu baadaye. Siku ya harusi alifika nyumbani kwa dada yangu Buruburu saa kumi na mbili asubuhi, akapiga picha tangu bibi harusi alipokuwa akitengenezwa nywele hadi keki ilipokatwa jioni. Wiki mbili baadaye akatuletea picha zote kwenye flashi, na hapo ndipo kisirani kilipoanza.

Zile picha za watu wengi wamesimama pamoja zilikuwa safi. Balaa ilikuwa katika zile za karibu, zile ambazo mtu hutaka kuzitundika ukutani. Hereni za bibi harusi zilionekana hadi nakshi yake na nywele za kando ya sikio ungeweza kuzihesabu, lakini macho yake yalikuwa kama yanakutazama kupitia mvuke wa sufuria. Bwana harusi vivyo hivyo: ukosi wa shati safi, uso ukungu. Mbaya zaidi ilikuwa ile ya mama yangu, nyanyake bibi harusi, akiwa amemshika mjukuu wake mashavu kwa mikono miwili. Dada yangu alipoiona alilia.

Kamati ikaketi. Mmoja akasema kijana hajui kazi. Mwingine akasema mikono ilikuwa ikimtetemeka, na wa tatu akauliza kama kweli alikuwa hajaonja kitu. Tukakata shauri salio lisitolewe, nami nikampigia simu kumweleza. Hakubishana. Alisema tu kwamba hata yeye haelewi, kwani alilenga macho na kamera ikamlilia “pip” kuonyesha kuwa imelenga sawasawa.

Mama alifariki mwezi wa Aprili.

Wanaojua mambo ya mazishi yetu wanajua kwamba kitu cha kwanza kinachoulizwa baada ya tarehe ni picha ya kuweka kwenye programu. Mama hakuwa mtu wa picha. Tulizokuwa nazo ni ya kitambulisho, nyingine ya miaka ya sabini aliyopigwa Uhuru Park akiwa msichana, na ile ya harusi yenye macho ya ukungu. Ikabidi nimeze aibu nimpigie kijana simu tena kumuuliza kama amehifadhi picha ambazo hakutuletea.

Alikuja jioni hiyo hiyo na kompyuta yake ya mkononi. Hakutaja pesa. “Pole sana mzee,” alisema. “Nyanya alinipa chapati mbili na chai jikoni siku ile, wakati kila mtu alikuwa amenisahau.” Kisha akafungua picha zaidi ya 900 tukaanza kuzipitia moja baada ya nyingine, na karibu na saa nne usiku tukaipata. Ilikuwa ni pale pale, dakika ile ile, mama amemshika mjukuu mashavu, ila safari hii macho yake yanang'aa hata unaona taa ya sebuleni ndani ya mboni.

Nikamuuliza alifanyaje. Akasema shangazi wawili walikuwa wamemkinga, kwa hivyo aliinua kamera juu ya kichwa akaitumia skrini ya nyuma badala ya kuchungulia kwenye tundu. Kamera ilichelewa kulenga, akadhani ameikosa picha, ndiyo maana hata hakutuletea. Kamera ni ile ile na lenzi ni ile ile. Akichungulia tunduni macho yanapotea, akitumia skrini macho yanatokea. Sasa hapo mikono ya kutetemeka iko wapi?

Msomaji, baada ya matanga kwisha nililifuatilia jambo hili kama mtu anayedaiwa, na kwa kweli nilikuwa nikidaiwa. Niliyoyapata yanaeleza pia kwa nini kamera za kitaalamu zimebadilika mno katika miaka hii michache, na kwa nini vijana wanaouza picha wanataka zile zisizo na kioo ndani.

Kamera ya kijana ni ile ambayo wengi huita DSLR. Ndani yake, nyuma ya lenzi, mna kioo kilicholala kwa mshazari. Mwanga unaoingia hugonga kioo hicho ukapanda juu hadi kwenye tundu unalochungulia, nawe unaona kile ambacho lenzi inakiona. Ukibonyeza kitufe, kioo huinuka kwa kishindo (ule mlio wa “klak” tunaoujua), mwanga ukapita moja kwa moja hadi kwenye kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea picha mahali palipokuwa na filamu zamani.

Je, kamera hujilengaje wakati kioo kimeziba njia? Watengenezaji walibuni ujanja. Sehemu ya katikati ya kioo hicho hupitisha mwanga kidogo. Nyuma yake kuna kioo kingine kidogo sana ambacho huuteremsha mwanga huo hadi sakafuni mwa kamera, ambako kuna kifaa cha pekee cha kupima. Kifaa hicho huugawa mwanga mara mbili, kama macho yetu mawili yanavyotazama kitu kimoja kutoka pande mbili, kisha hulinganisha picha hizo mbili. Zikiwa zimeachana, kifaa kinajua papo hapo lenzi izungushwe upande gani na kwa kiasi gani. Haibahatishi, na ndiyo maana kamera hizo zilikuwa za haraka.

Ujanja wenyewe una historia ndefu, na pesa nyingi zimepita humo. Konica ya Japani ilitoa mwaka 1977 kamera ndogo iitwayo C35 AF, ya kwanza ya kujilenga yenyewe kutengenezwa kwa wingi, ikitumia kifaa cha kampuni ya Honeywell ya Marekani. Mwaka 1985 Minolta ikatoa ile 7000, kamera ya kioo iliyokuwa na mota ya kulenga ndani ya mwili wake, na soko likashtuka. Canon ikafuata na mtambo wake wa EOS mwaka 1987, mota zikahamia ndani ya lenzi. Honeywell nayo ikaishtaki Minolta kwa kutumia uvumbuzi wake, na mwaka 1992 Minolta ikakubali kulipa dola milioni 127.5. Pesa hizo zote ni kwa sababu ya kumwondolea mpigapicha kazi ya kuzungusha pete kwa vidole.

Lakini tazama kasoro iliyojificha humo. Kifaa kinachopima hakiko mahali picha inapopigwa. Kiko sakafuni, na kihisi kiko nyuma. Mtambo mzima unategemea ahadi moja, kwamba safari ya mwanga kutoka kwenye lenzi hadi sakafuni ni sawasawa na safari yake hadi kwenye kihisi. Ni kama fundi cherehani anayekushonea suti kwa kumpima pacha wako. Suti itakukaa vizuri maadamu pacha hajanenepa.

Na unene wenyewe unaotosha kuharibu ni mdogo ajabu. Tuchukue lenzi ya kijana, ya milimita 50, iliyofunguliwa tundu lake hadi 1.8, kwenye kamera ya kihisi cha wastani kama yake, naye amesimama mita moja na nusu kutoka kwa mama. Kwa hesabu ya kawaida ya lenzi, sehemu itakayotoka safi ina kina cha sentimita 6 hivi kwa jumla, karibu 3 mbele ya mahali palipolengwa na 3 nyuma. Sasa kile kioo kidogo kikikaa vibaya hata safari ya mwanga itofautiane kwa milimita 0.07, ulengaji husogea kwa sentimita 6 nzima. Milimita 0.07 ni unene wa unywele mmoja wa binadamu. Unywele huo mmoja ndio uliohamisha macho ya mama yakawa ukungu, na hereni za mjukuu zikawa safi.

Kwa nini basi kijana hakuligundua kosa hili mapema? Kwa sababu alikuwa ameinunua kamera hiyo mkono wa pili ikiwa na lenzi ya kawaida ya kuvuta, isiyofunguka sana. Tundu likiwa dogo, tuseme 8, kina kile cha sentimita 6 huwa kama sentimita 27, na kosa hufichika humo ndani. Ndiyo maana picha za watu wengi zilitoka vizuri. Lenzi ya 1.8 aliinunua wiki moja kabla ya harusi, kwa ajili yetu, ili sebule yenye giza isimsumbue. Wale wanaokumbuka picha ndogo za albamu watasema enzi zao hapakuwa na shida hii. Ilikuwepo, ila nani angeiona kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja? Leo mtu huikuza picha kwenye simu hadi kope.

Wala asidhani mtu kwamba hizi ni taabu za kamera za bei rahisi tu. Mwaka 2007 Canon ililazimika kutangaza marekebisho ya kile kioo kidogo katika EOS-1D Mark III, kamera ya waandishi wa habari za michezo, baada ya malalamiko kuhusu ulengaji. Mwaka huo huo kamera kama Nikon D3 na D300 zilianza kuwa na sehemu kwenye menyu ambapo mwenye kamera anaweza kuusogeza ulengaji mbele au nyuma mwenyewe, kwa kila lenzi. Ukilitazama vizuri, jambo hilo ni kama kukiri kwamba pacha hunenepa.

Dawa ilikuwa wazi tangu mwanzo: mpime mwenyewe mvaaji wa suti, yaani upime ulengaji kwenye kihisi chenyewe. Kamera ya kijana ilifanya hivyo ilipotumia skrini, kwani hapo kioo kinakuwa kimeinuliwa na kihisi ndicho kinachotazama. Tatizo lilikuwa mwendo. Njia ya kwanza ya kulenga kwa kihisi ilikuwa ya kupapasa. Lenzi huzungushwa kidogo, kamera hutazama kama picha imezidi kuwa safi, huendelea, hupitiliza, kisha hurudi. Inafika, lakini mtoto anayekimbia ameshatoka uwanjani.

Panasonic ilipotoa Lumix G1 mwaka 2008, kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kioo, wataalamu wengi waliiona kama kitu cha watalii. Halafu wahandisi wakaanza kuyapanda yale “macho mawili” ndani ya kihisi chenyewe. Fujifilm ilifanya hivyo mwaka 2010 kwenye kamera ndogo, Nikon mwaka 2011, na mwaka 2013 Canon ikatoa EOS 70D ambayo kila chembe ya kihisi chake imegawanywa mara mbili, ikiwa ni jicho la kushoto na la kulia kwa wakati mmoja. Mwaka huo huo Sony ikaleta A7, yenye kihisi kikubwa cha ukubwa wa filamu. Ilipofika mwaka 2017, a9 ya Sony ilikuwa na sehemu 693 za kulenga, ikipiga picha 20 kwa sekunde na kuuhesabu ulengaji mara 60 kwa sekunde, bila kioo cha kupanda na kushuka. Nikon na Canon zikaingia kwa kishindo mwaka 2018. Shirika la habari la Associated Press lilitangaza kuhamia kamera za Sony mwaka 2020, na tangu mwaka huo Canon na Nikon hazijatoa kamera mpya ya kioo kwa ajili ya wataalamu. Pentax peke yake imebaki ikikitetea kioo, nami nawapenda kwa ukaidi wao.

Halafu kihisi kinachotazama wakati wote kina faida nyingine ambayo kifaa cha sakafuni kisingeiweza kwa urahisi: kinaona sura nzima. Kamera inafundishwa kuutambua uso, kisha jicho, kisha jicho lililo karibu zaidi, na hulifuata mtu akigeuka. Kuna zinazotambua hata macho ya ndege na ya simba, jambo linalowafaa wanaokwenda Maasai Mara, ambako ulengaji wa zamani uliishia kwenye majani yaliyo mbele ya mnyama.

Hata hivyo, asije mtu akakuuzia uganga. Kamera isiyo na kioo haijui bibi harusi ni nani. Shangazi akipita mbele, uso wake ndio ulio karibu, na kamera itamfuata shangazi. Shela nzito huichanganya. Ukumbi wa giza huichelewesha. Nyingi kati ya kamera hizo hulinganisha picha za kushoto na kulia tu, kwa hivyo kitu chenye mistari ya kulala pekee, kama rafu tupu au pazia la mabati, huziduwaza kidogo. Igeuze kamera wima na itashika. Pia hula betri, kwa sababu skrini na kihisi havilali. Mpigapicha wa harusi asiye na betri ya tatu mfukoni ajiandae kukimbia dukani kabla ya keki.

Kuhusu simu zetu, hizo hazikuwahi kuwa na kioo tangu kuzaliwa. Kihisi chake ni kidogo mno hata kina cha usafi huwa kikubwa, na makosa ya ulengaji hayaonekani. Ule ukungu mzuri wa nyuma unaojivunia mara nyingi umepakwa na programu, ndiyo maana wakati mwingine hukata na sikio.

Nirudi kwa kijana wetu. Jumamosi moja tulikaa mezani kwangu tukafanya jaribio ambalo hata mwanafunzi wa darasa la saba analiweza. Tuliilaza rula ya sentimita 30 mezani ikielekea kwenye kamera, tukasimamisha kiberiti kando ya namba 15, kamera tukaiweka juu ya vitabu ili isitikisike, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa. Akalenga kiberiti kwa kuchungulia, akapiga. Picha ikaonyesha kiberiti kimefifia na namba 20 na 21 ni safi. Akalenga kwa skrini, kiberiti kikatoka kama kimechorwa kwa wembe. Tukarudia mara tano, kwani mara moja si ushahidi. Rafiki yake akatuletea lenzi nyingine ya aina hiyo hiyo, na kosa likabaki pale pale. Basi lenzi haikuwa na hatia, ugonjwa ulikuwa ndani ya mwili wa kamera.

Kwa anayetaka kuihukumu picha ya mtu, nilijifunza pia alama moja ambayo ingetuzuia kumtukana kijana mbele ya kamati. Mkono ukitetemeka, picha nzima hupata ukungu, hakuna kitu kilicho safi popote. Kitu anachopiga mtu kikisogea, hicho pekee ndicho huchorwa mkia. Lakini uso ukiwa na ukungu na sikio au ukuta wa nyuma ukawa safi kabisa, hapo ulengaji ulikwenda mahali pengine. Picha zetu zote za karibu zilikuwa za namna hii ya tatu. Ushahidi tulikuwa nao mbele ya macho yetu Januari nzima, nasi tukawa tunaujadili mkono.

Kamera yake haina ile menyu ya kurekebisha, kama zilivyo nyingi za bei ya chini, kwa hivyo alimpelekea fundi mmoja katikati ya jiji. Fundi akazungusha skurubu ndogo inayoshikilia mkao wa kioo, akapima, akazungusha tena, saa nzima. Sasa kiberiti kinatoka safi kwa njia zote mbili. Nilimuuliza kijana kama haoni afadhali akope anunue isiyo na kioo. Akacheka, akasema kamera za kioo za mkono wa pili zimeshuka bei kwa sababu wenye pesa wanazikimbia, na kwa mwanafunzi hilo ni jambo la kushukuru. Ila sasa hainunui wala haikodi yoyote bila rula mfukoni. Lenzi zake atabaki nazo, maana kuna kiunganishi cha kuzivalisha kwenye kamera mpya za kampuni hiyo hiyo, na huko hazitahitaji kupimwa upya kwa sababu kihisi kinajipimia chenyewe.

Zile Sh15,000 nilimtumia kwa simu usiku ule ule tulipoipata picha, kabla hata hajafunga kompyuta. Zilitoka mfukoni mwangu, kwa sababu kamati ilikuwa imeshavunjwa na salio kugawanywa. Wawili kati ya wanakamati nimewaeleza habari za kioo na unywele, na mmoja bado anashikilia kwamba kijana alikuwa ameonja kitu.

Ile picha tumeikuza, nayo iko sebuleni kwa dada yangu. Pembeni chini kuna kilemba cha shangazi kimejitokeza kama mlima. Mtu wa studio alitaka kukifuta, dada yangu akakataa.